Jibu kwa Shekuwe

Shekuwe, umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja,
mtoto begani, nimemsikia hata kwenye simu akicheua:
ujipake nini siku ya kurudi kazini,
na filamu gani utazame na kaka zake
bila kuruka na kanga kuifunika skrini.

Naanza na uso, maana uso hauna subira.
Ile poda nyeupe ya harusi ya Mwanatumu, igawe.
Saa nne haijafika, jua la Langoni
limeshaikanda kama unga wa mahamri.
Mafuta ya nazi, tone moja, usichovye kidole kizima.
Rangi ya mdomo iwe moja tu, ya zambarau iliyoiva,
na hiyo hiyo uiguse mashavuni
ukiwa ngazini, kiatu kimoja mguuni,
na mmoja wao analia soksi yake ina mchanga.
Dakika nne. Nimezipima
kwa maziwa yanayotaka kufurika jikoni.

Wanja usiache.
Pale ofisi ya ardhi, juu ya kaunta, watu huona macho yangu tu,
na macho yenye wanja hayaulizwi
yamelala saa ngapi.

Sasa filamu.
Lali wa duka la simu hunijazia flashi kwa shilingi hamsini.
Namwambia: pasiwe na bunduki, pasiwe na busu refu,
na wa kufa afe mapema, tusije tukamzoea.
Usiku wa Ijumaa tunatandika mkeka sebuleni,
kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa,
bisi kwenye ungo.
Mama mkwe hukaa nyuma na tasbihi yake.
Hatazami, asema. Kisha:
"Huyu si ndiye yule mwizi?"

Nikukirie: mwisho mimi huwa siuoni.
Dakika ya ishirini kichwa kimekwenda.
Asubuhi, juu ya chai, wananisimulia.

Ile ya mbwa mzee anayevuka theluji
kumfuata mwenyewe, wameirudia mara sita.
Mama mkwe alipinga, mbwa ndani ya nyumba, hata awe wa picha!
Sasa ndiye anayemwonea baridi.
Famau aliniambia: mbwa alifika, akapikiwa biriani.
Mwanahalima: alifika, na bwana wake naye
ndiyo kwanza anaingia, na sanduku mkononi.
Athmani, wa miaka minne: mbwa alipanda ndege.

Juma lililopita nilitoka arusini na wanja mzito,
sina nguvu ya kuuosha.
Nikalala chali, nisichafue foronya,
na kwa kulala chali usingizi haukuja.
Kidole cha Athmani kikaja chini ya pua yangu.
"Mama, ushalala?"
Nikanyamaza. Nikaacha ufa mwembamba kwenye kope.

Mbwa alifika.
Nyumba imefungwa, majani yamefika dirishani.
Akazunguka mara mbili,
akajikunja kizingitini,
theluji ikaanza kumfunika kuanzia masikio.
Kisha majina ya watu yakapanda, mengi, mengi.

"Kesho mumwambie biriani," Famau alinong'ona.
"Msisahau biriani."
"Na sanduku," akasema Mwanahalima.
Nyuma yao tasbihi ilikuwa imesimama.

Baba yao yuko Doha mwaka wa tatu.
Alisema Rajabu. Kisha akasema Rajabu nyingine.

Asubuhi niliuliza, "Enhe, na mbwa je?"
Wakanijibu wote watatu kwa mpigo mmoja.
Nikamega mkate, nikauliza biriani ilikuwa ya kuku au ya mbuzi.
Hilo hawakuwa wamelipanga.
Wakatazamana.
"Ya mbuzi," akasema mama mkwe, bila kuinua uso.

Kwa hiyo, Shekuwe, filamu ya mbwa ichukue,
nitampa Lali akurushie.
Na wanja nunua ule wa kalamu, kwa Bi Rukia, nyuma ya posta.
Ni ghali kidogo, ila hautiririki.
Mimi usiku ule nilikuwa na ule wa bei rahisi,
na foronya mpaka leo nimeificha chini ya godoro.